Kuweka MPD kwa mstari wa amri: kompyuta moja ya zamani, muziki wa nyumba nzima

Baba aliacha kasha la kanda mia na kidogo: taarabu, dansi, kaswida, na vipindi vichache alivyovinasa mwenyewe redioni. Nilizihamisha moja moja kwenye kompyuta, kazi iliyonichukua miezi, na nilipomaliza nikaona hakuna anayezisikiliza. Zilikuwa kwenye kompyuta ninayoondoka nayo asubuhi, kwa hiyo mama akizitaka lazima anisubiri mpaka jioni. Nikazigawa kwenye flashi, flashi zikapotea. Nikazituma kwenye simu za watu, simu zikajaa.

Kilichomaliza tabu hiyo ni MPD, jina lake kamili Music Player Daemon, programu huria iliyoanza mwaka 2003. Haina dirisha, haina kitufe, haina picha ya albamu. Inakaa kwenye kompyuta moja iliyochomekwa kwenye spika, inapiga muziki, na wakati huohuo inatega sikio mtandaoni ikisubiri maagizo. Maagizo yanaweza kutoka kwenye simu ya mama jikoni, kompyuta ya chumbani, au mstari wa amri. Simu ikizimika muziki unaendelea, kwa sababu simu ni rimoti tu. Lielewe hilo kabla hujagusa amri yoyote: anayepiga ni mmoja, anayeamuru ni mwingine. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo huko mbele linatatulika ukijiuliza kwanza liko upande upi.

Na yote haya yanapita ndani ya Wi-Fi ya nyumbani, hayali bando. Hata kifurushi kikiisha, ruta ikiwa inawaka tu, muziki upo.

## Mashine

Wengi hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, na ni nzuri. Mimi nashauri kompyuta mpakato ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka, kwa sababu moja kubwa: ina betri. Umeme ukikatika sabufa itanyamaza, lakini mashine yenyewe haianguki ghafla, na diski haiharibiki faili ikiwa katikati ya kuandikwa. Betri inayokaa dakika ishirini inatosha kabisa. RAM ya GB 1 nayo inatosha, maana MPD ni nyepesi mno.

Weka Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Kama mashine ni ya biti 32 tumia Debian 12, kwani Debian 13 iliyotoka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Wakati wa kusakinisha zingatia mambo mawili. Ukiulizwa nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, liache tupu. Hapo mtumiaji wako atapewa uwezo wa `sudo`, yaani kutoa amri kwa mamlaka ya msimamizi, bila wewe kuhangaika. Na ukifika kwenye orodha ya vitu vya kuongeza, usichague mazingira ya dirisha, chagua seva ya SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na zana za kawaida tu. Mazingira ya dirisha huja na programu zake za sauti zinazoishikilia kadi ya sauti, na MPD ikija kuiomba inaambiwa kifaa kinatumika.

Ikishawaka, tafuta anwani yake:

```
ip -4 a
```

Tuseme ni 192.168.1.50. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, uifunge anwani hiyo kwa mashine hii isibadilike. Usiliruke hili. Anwani ikibadilika, rimoti zote za nyumbani zinakufa siku moja, na wewe ndiye utakayepigiwa simu ukiwa kazini.

Kuanzia hapa sihitaji tena kukaa mbele ya mashine. Naingia kwa SSH kutoka popote ndani ya nyumba (`mimi` ni jina la mtumiaji wangu, wewe weka lako):

```
ssh mimi@192.168.1.50
```

Kwa kompyuta mpakato kuna jambo moja zaidi. Ukiifunika inalala, na muziki unakufa. Fungua `/etc/systemd/logind.conf` kwa `sudo nano`, tafuta mstari wa `HandleLidSwitch`, uondoe alama ya reli (#) mbele yake na uuandike hivi:

```
HandleLidSwitch=ignore
```

Washa mashine upya. Sasa unaweza kuifunika na kuisukuma chini ya meza ya televisheni.

## Sauti kwanza, MPD baadaye

Kosa la wengi ni kusakinisha MPD, kukosa sauti, kisha kuhangaika na mipangilio ya MPD siku nzima wakati kadi ya sauti yenyewe imefungwa. Hakikisha kwanza mashine inatoa sauti bila MPD.

Waya ni ule wenye pini ndogo ya spika za masikioni upande mmoja, na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa sabufa. Kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install alsa-utils
aplay -l
```

Amri ya mwisho inaorodhesha kadi za sauti. Kwangu ilileta mistari kama hii:

```
card 0: HDMI [HDA Intel HDMI], device 3: HDMI 0
card 1: PCH [HDA Intel PCH], device 0: ALC269VC Analog
```

Ninayoitaka ni ya pili, yenye neno Analog. Usiishike kwa namba, ishike kwa jina, hapa `PCH`. Namba zinaweza kubadilishana mashine inapowaka. Leo kadi ni 1, kesho ni 0, na muziki unaelekezwa kwenye HDMI isiyo na kitu. Jina halibadiliki.

Sasa andika `sudo alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi, na tazama chini ya kila mnara wa sauti. Ukiona herufi MM, mnara huo umefungwa mdomo. Sogea hadi hapo kwa mshale, bonyeza M, herufi zitabadilika kuwa 00. Master ipandishe hadi kama 80. Toka kwa Esc, hifadhi, kisha jaribu:

```
sudo alsactl store
sudo speaker-test -D hw:CARD=PCH,DEV=0 -c 2 -t wav -l 1
```

Utasikia sauti ya mwanamke ikitaja kwa Kiingereza upande wa kushoto, kisha wa kulia. Ikitaja kushoto na ikasikika kulia, badilisha pini nyekundu na nyeupe. Usipoisikia, usiendelee mbele hata hatua moja.

## Mahali pa kuweka nyimbo

Mimi nimeziweka `/srv/muziki`. Watu huziweka ndani ya folda yao ya `/home`, na hapo ndipo shida ya ruhusa inapozaliwa: MPD haiendeshwi kwa jina lako, ina mtumiaji wake aitwaye `mpd`, na mtumiaji huyo ni mgeni nyumbani kwako. Hata ukimruhusu kuingia chumbani, kama mlango wa nje umefungwa hafiki.

```
sudo mkdir -p /srv/muziki
sudo chown mimi:audio /srv/muziki
```

Kisha kutoka kwenye kompyuta yenye nyimbo:

```
rsync -av --progress Muziki/ mimi@192.168.1.50:/srv/muziki/
```

Mkwaju ule (/) baada ya `Muziki` una kazi. Usipouweka, `rsync` itanakili folda yenyewe na utapata `/srv/muziki/Muziki`. Na ikikatika katikati, irudie amri ileile. Itaendelea na faili zilizobaki.

Kuhusu nafasi: MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde inakula takribani MB 86 kwa saa. Kanda ya dakika 60, pande zote mbili, ni hizo MB 86. Kanda mia ni GB 8.6, hata diski ya zamani inazimeza.

Ukimaliza kunakili, rejea kwenye mashine ya muziki:

```
sudo chmod -R u=rwX,g=rX,o=rX /srv/muziki
```

X ni kubwa kwa makusudi. Inafungua folda ziingilike bila kuzigeuza nyimbo kuwa programu za kuendeshwa.

## MPD yenyewe

```
sudo apt install mpd mpc netcat-openbsd
sudo systemctl disable --now mpd.socket
sudo systemctl stop mpd
sudo -u mpd ls /srv/muziki
```

`mpc` ni rimoti ya mstari wa amri. Mstari wa pili ndio unaowasumbua watu na miongozo mingi haiutaji. Debian huja na `mpd.socket`, inayomfanya systemd, msimamizi wa huduma za mashine, ashike mlango wa mtandao kwa niaba ya MPD. Ikiwa hai, lolote utakaloandika kwenye mipangilio ya MPD kuhusu anwani halifuatwi, kwa sababu mwenye mlango si MPD. Izime, uongoze mambo yako kutoka faili moja.

Amri ya mwisho inamwuliza mtumiaji `mpd` kama anaziona nyimbo. Akikujibu kwa majina ya folda, ruhusa ziko sawa. Akikataliwa, rudi kwenye `chmod`.

Faili ya mipangilio inayokuja na Debian ni ndefu, imejaa mifano. Iweke kando uandike yako fupi:

```
sudo mv /etc/mpd.conf /etc/mpd.conf.asili
sudo nano /etc/mpd.conf
```

Ndani yake:

```
music_directory     "/srv/muziki"
playlist_directory  "/var/lib/mpd/playlists"
db_file             "/var/lib/mpd/tag_cache"
state_file          "/var/lib/mpd/state"
sticker_file        "/var/lib/mpd/sticker.sql"

user                "mpd"
bind_to_address     "any"
port                "6600"

restore_paused      "yes"
auto_update         "no"
volume_normalization "yes"

password            "chunguchawali@read,add,control,admin"
default_permissions "read"

audio_output {
    type        "alsa"
    name        "Sabufa ya sebuleni"
    device      "hw:CARD=PCH,DEV=0"
    mixer_type  "software"
}
```

`bind_to_address` ya kawaida huwa `localhost`, maana yake MPD inaisikia mashine yake tu; `any` inaifungua kwa nyumba nzima. Mlango ni 6600, ndio unaotumiwa na MPD duniani kote, uache ulivyo.

`volume_normalization` nimeiweka kwa ajili ya kanda. Kila kanda ilinaswa kwa nguvu yake. Moja inanong'ona, inayofuata inapiga kelele, na mama alikuwa akiinuka kila mara kwenda kuzungusha kitufe. Mstari huu unasawazisha. Mwenye muziki safi wa studio tupu auondoe, kwa kuwa unapunguza ile tofauti ya sauti ya chini na ya juu ambayo fundi wa studio aliipanga kwa makusudi.

Kuhusu nenosiri: kwa mpangilio huu mtu yeyote aliye kwenye Wi-Fi anaweza kutazama kinachopigwa, ila kubadilisha lazima awe na neno. Chagua lako, lisiwe na alama ya @ ndani yake, kwa sababu MPD inatumia alama hiyo kutenganisha neno na ruhusa. Na ujue kwamba linasafiri mtandaoni wazi, bila kufichwa. Ndani ya nyumba hakuna shida, lakini usiufungue mlango 6600 kwa intaneti hata siku moja. Ukitaka kuifikia ukiwa mbali, pita ndani ya SSH.

Iwashe sasa:

```
sudo systemctl start mpd
systemctl status mpd
```

Ukiona `active (running)`, vizuri. Ukiona `failed`, sababu iko hapa, kwenye mistari ya mwishomwisho:

```
sudo journalctl -u mpd -e
```

Mara nyingi ni alama ya kunukuu iliyosahaulika au mabano yasiyofungwa, na ujumbe unataja hadi namba ya mstari.

## Wimbo wa kwanza

Mwambie `mpc` mahali na nenosiri mara moja, usirudie kila amri:

```
export MPD_HOST=chunguchawali@192.168.1.50
mpc update
```

Mstari wa `export` uweke pia mwisho wa `~/.bashrc`, udumu. `mpc update` inaituma MPD kupita folda zote na kuandika daftari lake la nyimbo. Diski ya zamani yenye faili elfu chache itachukua dakika kadhaa. Kila ukiongeza nyimbo, itoe tena.

```
mpc ls
mpc add Taarabu
mpc volume 50
mpc play
```

`ls` inaonyesha folda, `add` inaiweka folda nzima kwenye foleni, na kuanzia hapo sebule inaimba. `mpc toggle` inasimamisha na kuendeleza, `mpc next` inaruka, `mpc random on` inachanganya. Ukiandika `mpc` peke yake inakueleza hali:

```
[playing] #3/48   1:12/6:40 (18%)
volume: 50%   repeat: off   random: off   single: off   consume: off
```

Kabla hujaenda mbele, fanya kitu kimoja ambacho kwangu ndicho kilichonifungua macho. Ongea na MPD moja kwa moja, bila rimoti yoyote:

```
nc 192.168.1.50 6600
```

Inakusalimu kwa mstari mmoja, mfano `OK MPD 0.23.5`, kisha inanyamaza ikikusubiri. Andika `password chunguchawali`, Enter, inajibu `OK`. Andika `status`, inamwaga kila inachojua, sauti ni ngapi, wimbo uko sekunde gani, foleni ina nyimbo ngapi. Andika `pause 1` na sebule inanyamaza kwa maneno uliyoyaandika kwa mkono. Ukikaa kimya kwa dakika moja inakukatia, hiyo ni kawaida yake. Basi kila rimoti unayoiona, yenye picha na rangi, inafanya hayohayo tu: maneno mafupi kwenye mlango 6600. Siku simu itakapokataa kuunganika, jaribu `nc`. Salamu ikija, MPD ni nzima na kosa liko kwenye simu. Isipokuja, angalia Wi-Fi, anwani, au ukuta wa moto (firewall) kama uliweka. Kwa mwenye `ufw` ni mstari mmoja:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 6600 proto tcp
```

## Simu ya mama

Kwenye Android natumia M.A.L.P., inapatikana F-Droid, duka la programu huria. Unaandika anwani, mlango 6600, nenosiri, basi. Mama hakuhitaji somo. Aliona majina ya folda, akagusa, sauti ikatoka sebuleni akiwa jikoni. Wenye kupenda mstari wa amri wasakinishe `ncmpcpp`, inajaza skrini yote na inaendeshwa kwa kibodi tu.

Kuna anayetaka kusikilizia kwenye simu yenyewe, siyo kwenye sabufa. MPD inaweza kuwa kituo kidogo cha redio. Ongeza hiki chini ya `/etc/mpd.conf`:

```
audio_output {
    type      "httpd"
    name      "Redio ya nyumbani"
    encoder   "lame"
    port      "8000"
    bitrate   "128"
    format    "44100:16:2"
    always_on "yes"
}
```

Washa upya kwa `sudo systemctl restart mpd`, kisha kwenye simu fungua VLC uipe anwani `http://192.168.1.50:8000`. Matangazo haya huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya sabufa, kwa hiyo usiyatumie kuunganisha vyumba viwili vinavyosikiana, utapata mwangwi mbaya. Kazi hiyo ina programu yake, Snapcast. Kwa mtu mmoja na spika zake za masikioni, yanafaa kabisa. Redio hii ikiwa wazi saa nzima inapitisha takribani MB 58, zote za ndani ya nyumba.

Njia hizi mbili zina namba. `mpc outputs` inazionyesha, na `mpc disable 1` inanyamazisha sabufa huku redio ikiendelea. Usiku natumia hiyo.

## Umeme unaporudi

Mwanzoni sikuwa na mstari wa `restore_paused`. MPD ina tabia ya kukumbuka ilipoishia, na ikiwaka upya inaendelea palepale. Usiku mmoja umeme ulikatika jioni, betri ikaisha, kila mtu akalala. Saa tisa usiku umeme ukarudi. Mashine ilikuwa imepangwa kuwaka yenyewe umeme ukirudi, sabufa nayo ilikuwa imeachwa wazi, na bendi nzima ikaanza kupiga kwa sauti ya mchana. Mtoto alikuwa na homa, ndiyo kwanza amepata usingizi. `restore_paused "yes"` inaifanya MPD ikumbuke wimbo na sekunde, lakini ibaki imesimama mpaka mtu aseme. Mwenye watu nyumbani asiuache mstari huo.

Kinyume chake, kuna muziki unaotaka uanze wenyewe. Kwetu kaswida hupigwa asubuhi ya Ijumaa. Kwanza hifadhi foleni kama orodha:

```
mpc clear
mpc add Kaswida
mpc save ijumaa
```

Kisha sahihisha saa ya mashine na ufungue ratiba:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
crontab -e
```

Andika:

```
MPD_HOST=chunguchawali@localhost
30 5 * * 5 mpc -q clear && mpc -q load ijumaa && mpc -q volume 35 && mpc -q play
```

`cron`, inayoendesha ratiba hiyo, inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, siyo kama tunavyohesabu sisi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ni `30 5`: dakika kwanza, saa baadaye. Ile 5 ya mwisho ni Ijumaa, kwa sababu Jumapili ni 0. Mstari wa `MPD_HOST` lazima uwe mle ndani. `Cron` haisomi `.bashrc` yako.

## Nyimbo zikiwa kwenye diski ya nje

Hapa kuna mtego. Diski ya USB inaweza kuchelewa kuamka. MPD ikiwaka kabla yake inakuta `/srv/muziki` tupu, na mtu akibonyeza kitufe cha kusasisha kwenye simu, daftari lote linafutwa na foleni nayo inaondoka. Nyimbo ziko salama, orodha ulizozihifadhi ziko salama pia maana ni faili za maandishi, ila nyumba nzima inaamini umepoteza kila kitu. Ndiyo sababu pia niliandika `auto_update "no"`.

Dawa ni mbili. Pata UUID, yaani namba ya utambulisho ya diski, kwa `lsblk -f`, uiandike kwenye `/etc/fstab`:

```
UUID=weka-yako-hapa  /srv/muziki  ext4  defaults,nofail,noatime  0  2
```

`nofail` inaruhusu mashine kuwaka hata diski isipokuwepo. Kisha andika `sudo systemctl edit mpd` na uweke:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/muziki
```

Kuanzia hapo MPD haianzi mpaka diski iwe mahali pake.

## Majina

Kazi ndefu kuliko zote haiko kwenye MPD, iko kwenye lebo za nyimbo. Toa amri hii utazame kwa utulivu:

```
mpc list artist
```

Kwenye kanda zetu bendi moja ilikuwa imeandikwa Mlimani Park, Mlimani Park Orchestra, DDC Mlimani Park, na Sikinde. Kwa mtu yeyote aliyekulia Dar es Salaam hao ni walewale. Kwa MPD ni bendi nne, na mama akiigusa moja anapata robo ya nyimbo. Kusahihisha, ingia ndani ya folda husika:

```
sudo apt install eyed3
eyeD3 -a "DDC Mlimani Park Orchestra" *.mp3
mpc update
```

Kwenye taarabu mimi huweka mwimbaji kwenye `-a` na kikundi kwenye `-b`, ambayo ni lebo ya msanii wa albamu. Hapo unaweza kumtafuta mwimbaji peke yake au kikundi kizima. Na wakati lebo hazijanyooka, `mpc searchadd artist mlimani` inakuokoa: inatafuta kipande cha jina bila kujali herufi kubwa au ndogo, tofauti na `findadd` inayotaka jina zima lilivyoandikwa.

Mpe mtu mzima wa nyumbani kazi hii pamoja nawe. Nilikaa na mama jioni nyingi, wimbo ukianza ananitajia mwimbaji kabla ubeti wa kwanza haujaisha, mimi naandika. Kanda nyingi hazikuwa na karatasi, na majina hayo yalikuwa kichwani mwake tu.

Basi yakishaandikwa, yanakili. Kila Jumapili nachomeka diski ya pili, iliyofungwa kwenye `/mnt/nakala`, na kutoa amri mbili:

```
rsync -av /srv/muziki/ /mnt/nakala/muziki/
rsync -av /var/lib/mpd/playlists/ /mnt/nakala/orodha/
```

Siweki `--delete`. Wimbo ukifutwa kwa bahati mbaya upande huu, nataka niukute ule upande mwingine, kwa kuwa kanda yake huenda haichezeki tena.